Hodi kwenye Kivuko cha Mheshimiwa

Iko nchi moja ambayo watu wake wana adabu kupita kiasi. Wanaojua iko wapi wamenyamaza, nasi tutanyamaza nao, maana kutaja jina la mtu hadharani bila ruhusa yake ni utovu wa adabu, sembuse jina la nchi nzima. Itoshe kusema kwamba nchi hiyo ina ziwa, ziwa lina kivuko, kivuko kina mwenyewe, na mwenyewe ana cheo.

Katika nchi hiyo aliishi Shaweji Kipanga, Mkaguzi wa Usalama wa Vyombo vya Majini, mtu wa makamo, mrefu, mabega yamemlegea kama koti lililosahauliwa msumarini. Alikuwa amechoka. Si kwamba kazi ilikuwa nzito. Kazi ilikuwa nyepesi, ila ilirudiwa mno, na hakuna kinachomchosha mtu mzima kama upuuzi unaofanywa kwa bidii.

Kazi yenyewe ilitokana na sheria, na sheria iliazimwa nzima nzima kutoka nchi ya mbali yenye bahari na ukungu. Ilisema waziwazi kwamba mkaguzi anaweza kuingia, wakati wowote unaofaa, katika chombo, jengo, ghala au mahali popote panapohusika na usalama wa watu majini. Sheria fupi, haina makuu. Ilipofika bungeni, Mheshimiwa Kirobo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Adabu, akasimama, akafuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nimesikitika. Nimesoma sheria hii mwanzo hadi mwisho, sijaona mahali ambapo mkaguzi anapiga hodi. Anaingia tu. Kama mbuzi, Mheshimiwa Spika. Sasa najiuliza, hao walioiandika hawana mama? Na sisi tulio na mama, tutawaambia nini?"

Bunge likapiga meza mpaka vumbi likatoka. Basi sheria ikatiwa adabu. Ikaandikwa kwamba mkaguzi atapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa "karibu" na mwenyeji, atarudi alikotoka kwa moyo mweupe. Akikaribishwa, atavua viatu. Akiwa ndani atahesabiwa kuwa mgeni, na mgeni hafukuzwi wala hahamishwi alipo mpaka aage mwenyewe. Mbunge mmoja mkongwe, aliyekuwa amelala tangu asubuhi, akaamka hapo akawakumbusha wenzake maneno ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa heshima ya mvi zake na hilo likaingizwa. Mkaguzi atakayefikisha siku ya tatu bila kuaga, mwenyeji atampa jembe mbele ya mashahidi, na tangu hapo atakuwa mtu wa nyumbani hapo, si mkaguzi tena. Wabunge walicheka, wakapitisha, wakaenda kula.

Hakuna aliyetaja kwamba Mheshimiwa Kirobo ndiye mwenye kivuko. Kutaja kungemwaibisha.

*

Sasa, mtu wa nchi ile hawezi kusikia hodi akanyamaza. Mtoto wao hufundishwa kuitikia hodi kabla hajajua kutembea. Inasimuliwa kwamba mwizi mmoja, akiwa ndani ya nyumba ya watu amebeba redio, alisikia hodi mlangoni akaitikia, "Karibu, pita ndani." Alikamatwa, na hakimu akampunguzia kifungo kwa sababu ya malezi mema.

Kwa hiyo wakaguzi wa usalama majini waliingia kila mahali. Waliingia saluni, wakakagua beseni la kuoshea nywele kama linaweza kumzamisha mteja. Waliingia kwa dobi. Waliingia kwa mama lishe mmoja aliyekuwa anasonga ugali, wakapima kina cha maji ya sufuria, wakamwamuru atundike boya ukutani, na boya hilo lipo mpaka leo, limekuwa jeusi kwa moshi. Kila walikoingia waliletewa chai. Kuikataa chai ilikuwa kosa kwa Sheria ya Adabu, na kuinywa ilikuwa kosa kwa Sheria ya Rushwa, hivyo mkaguzi mwenye uzoefu aliinusa kwa sauti kubwa na kusema ahsante.

Idara ilistawi. Juu ya lango lake palipigwa rangi maneno makubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Taarifa yake kwa taifa ilisema usalama wa majini umeimarika nchini kote, isipokuwa ziwani, ambako takwimu bado zilikuwa zinasubiriwa.

Ziwani kulikuwa na kivuko kimoja tu, *Subira Njema*. Ndicho kilichovusha watu, mbuzi, magodoro na wagonjwa kwenda ng'ambo, kwenye soko na hospitali. Kilijengwa zamani kwa ajili ya mto mdogo, mahali pengine, na watu wachache. Kutu iliyokuwa nje ilipakwa rangi ya bluu kila palipokuwa na sherehe ya taifa, hivi kwamba fundi mmoja aliwahi kusema rangi ndiyo inayoshikilia chuma. Fundi huyo alihamishwa.

Shaweji alikwenda kwenye kivuko kila Jumatatu. Alisimama mbele ya ubao wa kupandia, akasafisha koo, akaita, "Hodi." Akangoja kwa adabu. "Hodi wenyewe." Akangoja. "Hodi jamani." Pale juu walikuwapo watu wamejaa pomoni, wengine wamekaa juu ya wengine, na mabaharia wa kivuko wamesimama hatua chache kutoka puani pake. Hao Mheshimiwa aliwapa mafunzo maalumu ya kutoitikia. Walijifunza kwa shida. Mmoja alipata homa. Mwingine hadi sasa, akisikia hodi, hung'ata leso mpaka machozi yamtoke.

Aliyeteseka zaidi ni Nahodha Mlekwa, aliyelelewa na bibi yake na kulelewa vizuri. Yeye alivumbua njia yake mwenyewe. Shaweji alipofungua kinywa tu, nahodha alivuta kamba ya honi, na honi ililia kwa muda wote wa hodi zote tatu, ili aweze kusema kwa dhamiri safi kwamba hakusikia kitu. Mjini watu walirekebisha saa kwa honi hiyo.

Kisha Shaweji alirudi ofisini kwa moyo mweupe na kutoa taarifa kama sheria ilivyotaka: *Nilifika. Nilibisha. Wenyeji hawapo.* Nyuma yake kivuko kiling'oa nanga, wenyeji wasiokuwapo wakimpungia mkono.

*

Aliyemuumiza kwa jambo hili ni mkewe, Chiku. Chiku alishona sare za shule na kuzivusha ng'ambo kila siku ya gulio, akikaa kwenye benchi lile lile la upande wa kushoto, furushi lake magotini. Ndoa yao ilikuwa ya muda mrefu na ya heshima, na ndani yake mlikuwa na swali moja tu ambalo halikuzeeka.

"Baba Sakina," alisema jioni moja huku akikamua kanga yake mlangoni, "beseni langu la kufulia umelikagua?"

"Nimelikagua."

"Lina cheti?"

"Lina cheti, mke wangu. Unajua lina cheti."

"Haya. Mimi sijawahi kuvuka ziwa ndani ya beseni." Akaitandaza kanga kwenye kamba. Ilikuwa imelowa nusu ya chini, imelowa maji yenye mafuta ya injini. "Mwezi uliopita maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo. Leo yamefika nusu ya muundi. Wamama wote tulinyanyua miguu. Nahodha akatutangazia tusiogope, ni maji ya ziwa lile lile."

Shaweji alitazama ile kanga ikichuruzika, na moyo wake ukashikwa na hofu ambayo ilikuwa ya zamani, ila siku zote aliweza kuizungusha, kama mtu anayejua mahali penye shimo uani kwake na kulipita pembeni. Jioni ile hakuweza kulipita. Alimwona mkewe amenyanyua miguu, na furushi magotini, na maji yanapanda.

"Usiende gulio lijalo," akasema.

"Tutakula nini? Vyeti?" Chiku hakusema kwa hasira. Alisema kwa kuchoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na nisipokwenda mimi, wenzangu wataenda. Mwana wa jirani yupo wodini ng'ambo, mama yake anavuka kila siku. Utawaambia wote wasiende?"

Asubuhi Shaweji alikwenda kwa Mkurugenzi wa Idara, Bwana Mauki, mtu mnene mpole ambaye meza yake ilikuwa na bendera ndogo na samaki wa plastiki.

"Mkurugenzi, naomba ruhusa ya kuingia kile kivuko bila kuitikiwa. Kinavuja."

Bwana Mauki akaweka mkono kifuani kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Kipanga, unajuaje kinavuja, na hujaingia?"

"Mke wangu anaingia."

"Mkeo si mkaguzi. Maji anayoyaona mkeo ni maji ya kifamilia." Akainuka, akaenda dirishani, akazungumza na ziwa. "Sisi ni taifa la watu waliolelewa. Wenzetu wana mabomu, wana viwanda, wana sijui nini. Sisi tuna hodi. Siku tutakapoanza kuingia kwa watu bila karibu, Kipanga, tutakuwa tumezama. Tena pakavu."

"Na wale watakaozama majini?"

"Hao," akasema Mkurugenzi kwa huruma ya kweli, "tutawazika kwa adabu zote."

*

Siku ya gulio Shaweji alikwenda kivukoni, ingawa haikuwa Jumatatu. Chiku alikuwa ameketi kwenye benchi lake kushoto, furushi magotini. Kivuko kilikuwa kimejaa kupita siku zote, na kilikuwa kimekaa chini sana majini. Nyanya, kuku, pikipiki, kwaya nzima ya kanisa na ngoma zake. Mabaharia waliingiza leso vinywani mapema.

"Hodi," Shaweji akaita, na honi ikaanza kulia.

Aliita ya pili ndani ya honi. Aliita ya tatu, na kwa bahati mbaya kwa Mheshimiwa, au bahati njema kwa wengine, honi yenyewe ilikuwa chakavu kama kila kitu mle ndani. Ilikwama, ikakohoa, ikanyamaza. Ile hodi ya tatu ikabaki peke yake hewani, nyembamba, imechoka, bila mtu wa kuipokea.

Chiku alimtazama mumewe. Hakuwa amepanga kitu. Alikuwa mwanamke wa nchi ile, na mtu amesimama mlangoni anabisha.

"Karibu, Baba Sakina," akasema.

Abiria wote wakageuka. Baharia mmoja akadondosha leso. Shaweji akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akapanda ule ubao aliosimama mbele yake miaka yote hiyo. Akaenda kuketi kando ya mkewe. Chiku akasogeza furushi.

Simu ilipigwa. Muda si muda wakili wa Mheshimiwa akafika gatini kwa gari lenye kiyoyozi, hata hakushuka, akateremsha kioo.

"Huyo mama ni abiria," akasema. "Abiria ni mgeni. Mgeni hamkaribishi mgeni. Ukaguzi huu ni batili."

"Mimi nimelipa nauli ya hapa nilipokaa," Chiku akajibu kutoka kwenye benchi. "Benchi hili ni langu mpaka ng'ambo. Nimemkaribisha mume wangu kwenye benchi langu. Kama wewe humkaribishi mkeo kwenye kiti chako, hayo ni ya kwenu."

Kwaya ikacheka. Wakili akapandisha kioo, akashauriana na simu kwa kitambo, akakiteremsha tena. Uamuzi aliouleta ulikuwa wa busara, nao unasomeshwa vyuoni hadi leo. Mkaguzi ni mgeni halali, ila ni mgeni wa benchi. Anaruhusiwa kulikagua benchi. Kwenye sehemu iliyobaki ya kivuko hajakaribishwa, hivyo akiitazama atakuwa ameingia kwa macho bila hodi, na hilo ni kosa la jinai. Askari akaletwa kusimama mbele yake na kuangalia anaangalia wapi.

Shaweji alilikagua benchi. Lilikuwa salama.

"Sasa aga ushuke," wakili akasema. "Watu wanataka kwenda."

Ni hapo ambapo kuchoka kulimfaa Shaweji. Mtu mwenye nguvu angebishana, angepaza sauti, angetolewa. Yeye hakuwa na nguvu hizo. Alikumbuka tu kwamba mgeni hafukuzwi wala hahamishwi alipo mpaka aage mwenyewe, na kwamba kuondoka na kivuko akiwa amekaa juu yake kungekuwa ni kumhamisha. Akaweka viatu vyake chini ya benchi.

"Siagi," akasema. "Nimechoka. Napumzika kidogo."

*

Kivuko hakikuondoka siku ile. Unafikiri watu walimshukuru? Basi hujawahi kumzuia mtu anayewahi soko.

"Mzee, shuka," alisema muuza nyanya, mtu mwenye macho mekundu ya usingizi. "Tunakuomba kwa heshima."

"Kivuko kinavuja, ndugu yangu. Kitazama."

"Najua kinavuja. Kila mtu anajua. Kitazama siku yake ikifika. Lakini nyanya zangu zinaoza leo."

Maneno yale yalimuuma Shaweji kuliko matusi, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na aliyeyasema hakuwa mbaya. Alikuwa na nyanya. Kwaya ikashuka ikiimba wimbo wenye mafumbo kuhusu watu wanaoziba njia. Mama wa yule mgonjwa wa wodini alimpita bila kumsalimu, akaenda kutafuta mtumbwi, na katika nchi ile mtu kupitwa bila salamu ni kama kumwagiwa maji ya moto.

Chiku alirudi nyumbani kupika, akaacha furushi lake juu ya benchi, maana kwao furushi hushika nafasi ya mwenyewe, hata mahakamani. Akarudi na ugali na dagaa, wakala pamoja, na yule askari akakaribishwa naye akala, huku akiendelea kuangalia macho ya mgeni yasizurure.

"Wananichukia," Shaweji akasema.

"Wamekasirika. Kuchukia ni kazi nyingine." Chiku akamwekea mchuzi. "Mimi nimekasirika na wewe miaka mingapi? Na ugali nakuletea."

Alikaa hivyo, kwa subira, macho yamefungwa kwa amri ya sheria. Lakini sheria ilimvua viatu, na aliyeitunga hakufikiria nyayo. Shaweji alikaa kivukoni peku, na kivuko kilimweleza kila kitu kwa chini. Maji ya baridi yalikuja na kuondoka kati ya vidole vyake. Ubao wa tatu kutoka ukingoni ulibonyea alipouegemezea kisigino, ukatoa harufu ya uyoga. Chini ya ubao kulikuwa na bamba la chuma, na mawimbi yalipoligonga lilijibu kwa sauti ya debe. Nyuma yake alisikia mabaharia wakijitupa kulala juu ya sanduku la jaketi za kujiokolea, na sanduku likalia kwa utupu wa ndani. Jaketi zenyewe zilikuwa kwenye bwawa la kuogelea la Mheshimiwa, wajukuu wake wanazichezea.

Hakuruhusiwa kusema hata moja la hayo. Hayo yote aliyajua bila karibu.

Nahodha Mlekwa alimsogelea mara moja, akajifanya anakunja kamba. "Bwana Mkaguzi," akanong'ona, akiangalia upande wa pili, "kila Jumatatu nilikuwa nakusikia."

"Najua, nahodha."

"Bibi yangu angenikana."

"Bibi yako angeelewa," Shaweji akasema, ingawa wote wawili walijua si kweli.

*

Siku ya tatu Mheshimiwa Kirobo alikuja mwenyewe. Kivuko kilichosimama kilikuwa kinamla mfukoni, na wakili wake alikuwa amepekua sheria mpaka akakifikia kile kifungu cha mbunge mkongwe. Mheshimiwa alikipenda mno. Angeweza kumaliza jambo hili kimyakimya, kwa jembe la dukani na mashahidi wawili watatu, lakini hakuwa mtu wa kuacha hotuba ipotee. Akaleta bendi ya shaba, waandishi wa habari, zulia, na jembe jipya lililofungwa utepe wa rangi za taifa.

Bwana Mauki alikuja pia, amevaa suti ya mazishi. Kwa kuwa sheria ilitaka hodi ipigwe kabla ya chombo kilichosimama siku kadhaa kuanza safari tena, alifuatana na mkaguzi mpya wa kushika nafasi ya Shaweji: Bi Nuru Chilumba, mwanamke makini aliyejipatia sifa kwenye saluni na kwa madobi. Alisimama nyuma ya zulia akingoja zamu yake. Abiria walijaa gati lote na mafurushi yao, wakiomba hotuba iwe fupi. Muuza nyanya alikuwa na nyanya nyingine.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, na kipaza sauti kikapiga yowe kisha kikatulia. "Kuna watu wanasema mimi sitaki mgeni. Mimi? Huyu bwana amekaa kwangu, amekula kwangu, amelala kwangu."

"Ugali ulikuwa wangu," Chiku akasema, si kwa sauti ya kusikika mbali.

"Sikumfukuza. Sikumhamisha. Na leo nafanya zaidi. Mimi, mwenye kivuko hiki, kuanzia ubao wa kupandia mpaka usukani, mbele ya taifa zima, nampokea Shaweji Kipanga awe mtu wa nyumbani humu. Si mtu wa benchi. Mtu wa kivuko chote. Chake ni changu, na changu ni… ni kivuko." Akamkabidhi jembe. Bendi ikapiga. Askari aliyekuwa akilinda macho akapiga saluti na kushuka, kazi yake imekwisha, maana mtu wa nyumbani hutazama atakako.

Shaweji akasimama na jembe lake. Kwa mara ya kwanza akakitazama kivuko. Kilikuwa vilevile kama nyayo zilivyomwambia. Bwana Mauki akamvua beji ya ukaguzi kwa uangalifu, akaipuliza vumbi, akaiweka mfukoni.

Moyo wa Shaweji ulikuwa mzito kama mchanga uliolowa. Alikuwa amepoteza kazi, na kivuko kingeondoka sasa hivi, na Chiku alikuwa ameshaketi tena kwenye benchi lake, furushi magotini, kwa sababu ilikuwa lazima kula. Watu walipanda wakisukumana. Kivuko kilishuka majini kidogo kwa kila aliyepanda.

"Basi tumalizie taratibu," Mheshimiwa akasema kwenye kipaza sauti, akitabasamu. "Mkaguzi mpya, mama, piga hodi zako tuondoke."

Bi Nuru akasogea mpaka mbele ya ubao wa kupandia. Alikuwa amefundishwa: utabisha, utanyamaziwa, utaandika wenyeji hawapo. Akasafisha koo.

"Hodi."

Mabaharia wakang'ata leso. Nahodha Mlekwa akashika kamba ya honi, ambayo ilikuwa imeshatengenezwa.

"Hodi wenyewe."

Nahodha hakuvuta. Alikuwa anamwangalia yule mtu mrefu mwenye jembe. Kisha akaiachia kamba taratibu, akaweka mikono mifukoni.

"Hodi jamani," akasema Bi Nuru, na tayari alikuwa ameanza kugeuka.

"Karibu," Shaweji akaitikia.

Hakusema kwa nguvu. Bendi ilikuwa imenyamaza, na ziwa lilikuwa limetulia, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mheshimiwa Kirobo alibaki na kipaza sauti mdomoni, na kipaza sauti kikapeleka pumzi zake mji mzima. Wakili alipandisha kioo cha gari. Mtu wa nyumbani ni mwenyeji. Mashahidi walikuwa taifa zima, na jembe lilikuwa na utepe.

Baharia mmoja akatoa leso kinywani. "Karibu, mama," akasema. Mwingine akafuata. "Karibu sana." Na yule aliyekuwa akitokwa na machozi kila Jumatatu akasema karibu, karibu, karibu, kama mtu anayelipa deni la miaka, mpaka mwenzake akamshika bega.

Bi Nuru alikuwa bado amesimama chini, viatu mkononi, hajui aanze na mguu gani. Katika kazi yake yote hakuwahi kuingia mahali palipokuwa na maji mengi kuliko beseni.

"Mzee wangu," akauliza kwa sauti ndogo, "kweli niingie?"

Muuza nyanya, aliyekuwa amekwisha panda, alivuta pumzi ndefu, akainua tenga lake, akaanza kushuka.

Shaweji akaegemea jembe lake. Alikuwa amechoka sana, na alijua kesho Bunge litakutana kwa dharura kujadili adabu za watu wa nyumbani. Akampa yule mama mkono wa kupandia.

"Ingia, mwanangu, mwenyeji apone," akasema. "Ila ruka ubao wa tatu. Umeoza."